Choya, ndimu na majivu barazani kwetu

Likizo ya Desemba nilikuwa na watoto sita barazani, wawili wangu na wanne wa majirani, mkubwa ana miaka saba. Tunakaa Majengo, Moshi, na mvua ikishuka hawana pa kwenda. Nilitaka wajaribu kitu kwa mikono yao bila mimi kununua vifaa. Nikaangalia jikoni: kulikuwa na choya kavu ya soko la Mbuyuni, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ndimu, na magadi ya kupikia kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilichemsha choya kama ya kunywa, nzito, rangi ya damu ya mzee. Nilipotia magadi ikawa nyeusi tu. Watoto wakanitazama, kisha wakarudi kwenye mpira.

Usiku nikarudia peke yangu. Maua machache, maji ya moto, halafu nikaongeza maji baridi mpaka ikawa ya waridi na vidole vyangu vikaonekana upande wa pili wa glasi. Ikiwa nzito kuliko hapo, rangi haionekani ikibadilika. Magadi nilisaga kijiko kimoja cha chai, nikayayeyusha kwenye kikombe cha maji, nikachuja kwa kitambaa maana yanakuja na mchanga.

Asubuhi kila mtoto alipata vikombe viwili vya plastiki vinavyoonyesha ndani, na bomba la sindano lisilo na sindano. Kabla ya kutia chochote niliwauliza: itakuwaje? "Itakuwa chungu." "Itakuwa kali." Wote walitaja ladha, kwa kuwa ndimu wanaijua kwa ulimi. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi, kwa sababu nilikuwa nalijua jibu na lilikuwa linaniwasha mdomoni.

Ndimu iliifanya choya ing'ae, nyekundu kabisa. Matone ya magadi yakaigeuza zambarau, kisha kijani. "Shangazi, imekuwa mboga!" Nikawaambia watie ndimu kwenye ile ya kijani, kidogo kidogo. Ikatoa povu, ikarudi wekundu. Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, akaweka sikio kwenye kikombe na kuwaambia wenzake wanyamaze, asikilize.

Kwa mzazi atakayeulizwa: choya ina rangi inayogeuka kufuatana na kilichochanganywa nayo. Ndimu ni asidi, magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi, na vikikutana hutoa kabonidioksaidi, gesi ile ile ya kwenye soda. Kwa watoto nilisema tu kwamba ndimu na magadi havikai kimya pamoja. Wakawa wanataka kujaribu kila kitu: siki, maji ya sabuni ya kipande, maziwa mgando, maji ya bomba. Yai kwenye maji ya chumvi tulifanya siku nyingine. Vijiko vitatu vikubwa vya chumvi kwenye glasi vililielesha, wakafurahi, lakini kesho yake waliulizia choya.

Sheria ilikuwa moja, na sikuilegeza: kikombe cha jaribio hakinywewi. Magadi yanawasha, hasa yakiingia machoni, kwa hiyo niliyamimina mimi na mikono tuliosha wote. Juisi ya kunywa ilikuwa kwenye jagi lake, ndani.

Siku ya tatu binti wa jirani akachota majivu jikoni, akayaloweka, akasubiri yatulie. Sikumtuma. Akavuta maji ya juu kwa bomba lake, akadondosha kwenye choya. Kijani. Akakimbia nayo hadi kwa mama mkwe wangu aliyekuwa anachambua maharage. "Bibi, majivu ni magadi!"

Bibi akaacha ungo. Akamwambia zamani, magadi ya dukani yalipokosekana, walichoma maganda ya ndizi, wakachuja majivu yake, na maji hayo ndiyo waliyopikia. Mtoto akamuuliza maganda yanatosha mangapi. Jioni hiyo tulikuwa na rundo la maganda yanakaukia juani.