Usiiamini oksijeni ya kompyuta

Ukitaka kukokotoa kwa kompyuta jinsi kichocheo kinavyogeuza oksijeni kuwa maji, kichocheo cha atomu moja cha kuanzia ni chuma kwenye grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Chukua karatasi ya kaboni 32, ondoa mbili zilizo jirani, badili nne zinazozunguka shimo ziwe nitrojeni, kisha weka chuma katikati. Ni atomu 31 tu. Acha angstromu 15 (nanomita 1.5) za nafasi tupu juu yake. Programu ya kukokotoa nishati za atomu, Quantum ESPRESSO, ni ya bure, na kompyuta yenye viini vinane itaiweza kazi hii, ingawa polepole.

Wengi huharibikiwa kwenye oksijeni yenyewe. Hesabu za aina hii, ziitwazo DFT, hukosea vibaya nishati ya O2 (molekuli ya oksijeni), kwa hiyo usiichukue moja kwa moja. Kokotoa maji na haidrojeni, kisha ipate oksijeni kwa kanuni hii: mara mbili ya maji, toa mara mbili ya haidrojeni, ongeza 4.92 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati).

La pili ni spini, yaani usumaku wa elektroni. Katika faili la maelekezo ya programu, weka nspin = 2 na uipe chuma usumaku wa kuanzia. Jaribu thamani tatu au nne tofauti, ubaki na ile yenye nishati ya chini kabisa. Jibu la jaribio moja lisikuridhishe hata kidogo, maana hesabu inaweza kutulia mahali pasipo sahihi bila kutoa onyo lolote.

Kisha bandika OOH, O na OH, vipande vinavyotokea oksijeni inapogeuka maji, juu ya chuma, kila kimoja peke yake, na uongeze masahihisho ya mtetemo wa atomu na entropia (kiasi cha mvurugiko). Tuseme, ukilinganisha na maji na haidrojeni, umepata 4.00, 2.40 na 0.80 eV. Hatua nne za kuigeuza oksijeni kuwa maji zitashusha nishati, kuanzia 4.92, kwa 0.92, 1.60, 1.60 na 0.80. Iliyo ndogo ndiyo inayobana: 0.80. Ukiitoa kwenye volti 1.23, ambayo ndiyo volti bora kabisa ya mmenyuko huu, hasara ni volti 0.43. OOH na OH hupanda na kushuka pamoja, zikiachana kwa takriban 3.2 eV badala ya 2.46 inayotakiwa, ndiyo maana kushuka chini ya volti 0.37 ni kugumu mno.

Sasa umeme. Ukiwa mahali ambapo umeme huweza kukatika, kama Mwanga au Ujiji, weka max_seconds (kikomo cha sekunde) ili programu isimame yenyewe kila baada ya saa mbili, kisha uiendeleze kwa restart_mode = 'restart'. Amri hiyo hufanya kazi pale tu iliposimama vizuri. Umeme ukikatika ghafla, fungua faili la matokeo, nakili ATOMIC_POSITIONS (mahali pa atomu) za mwisho, uanze na restart_mode = 'from_scratch' (upya) kutoka hapo.