Rasputin wa Harry Baur, na mtoto aliyekuwa kitandani

Katika filamu za zamani zinazomhusu Grigori Rasputin, mkulima Mrusi aliyeaminiwa na familia ya kifalme ya Urusi kuwa mponyaji, ninayoithamini kuliko zote ni La Tragédie impériale, iliyoongozwa na Mfaransa Marcel L'Herbier na kutolewa mwaka 1938, na sababu yangu kubwa ni Harry Baur. Alipoigiza nafasi hiyo alikuwa anakaribia umri wa miaka 60, ilhali Rasputin aliuawa akiwa na miaka 47. Hata hivyo, kile kiwiliwili chake kizito na uso wake mpana vinamsadikisha mtazamaji kwamba huyu kweli ni mkulima kutoka kijiji cha Pokrovskoye, Siberia, aliyeingia ikulu bila kujifunza kunyenyekea.

Lakini uigizaji huo hauwezi kueleweka vizuri na mtu asiyejua habari za Alexei, mwana pekee wa kiume wa Tsar (mfalme) Nicholas II wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1904 akiwa na hemofilia, ugonjwa unaozuia damu kuganda. Mama yake, Alexandra, aliujua ugonjwa huo tangu kwao: kaka yake, Friedrich, alianguka kutoka dirishani mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka miwili, akafariki kwa kuvuja damu.

Mwaka 1912, huko Spala, Poland, mahali pa mapumziko na uwindaji pa familia ya kifalme, Alexei alivuja damu ndani ya paja na kinena hata akashindwa kuunyoosha mguu. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo wa miaka minane aliomba, akishakufa, ajengewe mnara mdogo wa mawe msituni. Madaktari walikuwa wamekata tamaa na kasisi amekwisha kumpa sakramenti za mwisho, ndipo ikafika simu ya maandishi ya Rasputin kutoka Siberia, ikisema kwamba mtoto hatakufa na kwamba madaktari wasimsumbue mno. Damu ikakoma. Huenda kuachwa atulie ndiko kulikomsaidia, lakini ni mama gani, baada ya kukesha siku zote zile akisikia mwanawe akilia, angeyapima mambo kwa namna hiyo?

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuufanya ugonjwa huo siri ya dola. Warusi hawakuambiwa kwa nini mkulima yule alikuwa akiitwa ikulu, kwa hiyo uvumi ukajaza nafasi ya maelezo. Na Tsar alipokwenda kuongoza jeshi vitani mwaka 1915, akamwachia mkewe sauti kubwa katika uteuzi wa mawaziri, ushauri wa Rasputin ukawa jambo la serikali. Desemba 1916 Rasputin akauawa katika jumba la mwanamfalme Yusupov, na miezi michache baadaye utawala wenyewe ukaanguka.

Kwa hiyo, anayeitazama filamu hii asimkodolee macho Baur peke yake. Amwangalie pia Marcelle Chantal, anayeigiza Alexandra, kwa kuwa nguvu zote za Rasputin zilitoka kwenye hofu ya mama huyu.