Tulipobandua Saruji Ukutani kwa Bibi

Nyumba ya bibi yangu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani lililo humo Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, bibi hakuupata tena usingizi wa raha. Kila asubuhi alipitisha kiganja kwenye ukuta wa chumba cha chini, ambao plasta yake ya saruji ilikuwa imevimba, rangi ya mafuta ikibanduka magamba magamba, na nyuma ya magamba hayo ukidondoka unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu.

Masika ya 2021 yalipokwisha, wajukuu tulikutana. Wengi walishauri tununue saruji tupige plasta nyingine juu ya ile ya zamani. Bibi alikataa katakata, akataka aitwe kwanza fundi mzee aliyewahi kufanya kazi na marehemu babu.

Mzee alipofika na kumaliza kahawa yake, hakuugusa ukuta. Alitoka hadi kichochoroni, akainua macho. Bomba linaloteremsha maji ya paa lilikuwa limeachana kwenye kiungo, na maji yote ya mvua yalikuwa yakimwagikia kwenye msingi. "Wanangu, zibeni kwanza maji yanakotoka," alituambia, "kisha ndipo tuzungumze habari za plasta." Kiungo kile tulikitengeneza siku ileile.

Ndipo tukaanza kubandua saruji kwa patasi na nyundo, kuanzia sakafuni hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Ilitoka mapande makubwa, kila pande limeng'ang'ania ngozi ya jiwe, na nilipotia kidole katikati ya mawe nikakuta udongo bado ni rojo, ingawa kwa nje ukuta ulionekana mkavu. Mzee alitueleza kwamba matumbawe yana vitundu vingi na hufyonza maji ya ardhini, na kwamba chokaa huyaachia maji hayo yatoke polepole kwa mvuke, lakini saruji huyafungia ndani, nayo yakikosa njia hupanda juu zaidi pamoja na chumvi yake, ambayo inapokauka hufanya chembe zinazotanuka na kulila jiwe lenyewe. Naona ni dhuluma kuifunika nyumba ya namna ile kwa saruji kwa sababu tu saruji huwahi kukauka.

Chumvi tuliifagia kwa burashi kavu, kwa kuwa kuiosha kungeirudisha ndani ya jiwe, kisha ukuta ukaachwa wazi, milango na madirisha yakifunguliwa mchana kutwa, upepo wa kipupwe ukifanya kazi yake. Hapo ndipo palipohitaji subira kuliko mahali pengine popote, na bibi ndiye aliyetuzuia tusiharakishe.

Chokaa mzee alikuja nayo mwenyewe, ikiwa imelowekwa ndani ya pipa kwa miezi mingi, laini na nzito. Tulichanganya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga wa shamba uliochekechwa, kwani mchanga wa pwani ungetuletea upya chumvi tuliyoiondoa. Alichota kwa mwiko, akaugeuza juu chini. Mchanganyiko ulipobaki umeshika bila kudondoka, akasema uko tayari. Ukuta ulinyunyiziwa maji, plasta ikapigwa kwa tabaka nyembamba zisizozidi sentimita moja, na kila tabaka ikafunikwa kwa magunia mabichi, maana chokaa hugeuka kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ukaa taratibu, na ikikauka ghafla hupasuka na kumomonyoka. Mwisho tulipaka chokaa nyeupe tu; rangi ya mafuta mzee hakutaka hata kuisikia.

Masika yaliyofuata lilijitokeza doa hafifu karibu na sakafu, likakauka lenyewe mvua zilipokatika, na bibi akarudisha kabati lake la vyombo kwenye ukuta ule. Ukuta wa upande wa ngazi tuliuanza baada ya hapo, na safari hii mzee alitukabidhi mwiko tupige plasta wenyewe, naye akakaa barazani akituelekeza.