Milimita nne

Kasha la kompyuta yangu mpya lilifika Julai, nikapanga vipuri vyote ndani yake kwa usiku mmoja, na asubuhi mfuniko ukakataa kufunga. Prosesa yangu, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ni Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD. Ilikuja na kipozeo chake ndani ya boksi, yaani feni juu ya mapezi ya chuma ya kuondoa joto, kile ambacho AMD inakiita Wraith Stealth. Urefu wake ni milimita 54. Nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa 50.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimechukua rula ya mtoto na kupima toka kwenye ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, hadi chini ya mfuniko, nikapata 58, nikaridhika. Lakini kipozeo hakikai juu ya ubao. Kinakaa juu ya prosesa, na prosesa pamoja na soketi yake hula karibu milimita nane. Nilipopima upya toka kwenye bati la prosesa lenyewe, nilikaa chini nikainamisha kichwa.

Nahariri video za ndoa hapa nyumbani Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, katika chumba ambacho usiku ni cha watoto. Ndiyo sababu nilitaka kompyuta ndogo yenye ubao wa sentimita 17 kwa 17, ya kukaa pembeni bila kupiga kelele. Wiki tatu nilifanya kazi mfuniko ukiwa wazi. Anayeijua Lubumbashi wakati wa kiangazi anajua vumbi letu jekundu: unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Feni iliyokuwa nyeusi ikawa na rangi ya tofali. Zaidi ya vumbi, nina mtoto wa miaka miwili mwenye vidole vya haraka. Hali ile haikuweza kuendelea.

Fundi wa jirani alinipa kipozeo kifupi alichokitoa kwenye mashine kuukuu yenye prosesa ya Intel, mshindani wa AMD. “Yaya, hiki kitaingia, chukua tu.” Urefu ulifaa kweli, ila matundu hayakulingana. Kwenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yangu, matundu manne ya skrubu yanakaa kama mstatili, milimita 54 kwa 90. Ya Intel za miaka ile ni mraba wa 75 kwa 75. Alitaka kukifunga kwa waya. Nilimshukuru na kumkatalia, kwa sababu kipozeo kisichokandamiza prosesa sawasawa pande zote kinaacha joto palepale lilipozaliwa.

Shemeji alikuwa anasafiri kwenda Dubai kununua bidhaa, nikajua nafasi ni moja tu, maana akishapanda ndege kurudi hakuna kubadilisha. Nikabaki na vipozeo viwili vya kuchagua. Cha kwanza ni Noctua NH-L9a: milimita 37, mabomba mawili ya shaba ya kubeba joto, feni nyembamba yenye unene wa milimita 14. Cha pili ni Thermalright AXP90-X47: milimita 47, mabomba manne, mapezi marefu zaidi.

Moyo ulivutwa na kile cha 37, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuumwa na milimita nne anataka usalama. Nilikaa siku mbili nikifikiria hewa inapopita, na hapo ndipo nilipobadili mawazo. Mfuniko wangu una matundu juu ya prosesa. Feni ya kipozeo kifupi inavuta hewa toka juu na kuipuliza chini, kwenye mapezi. Ikiwa kati ya feni na mfuniko kuna milimita 13, feni haivuti hewa ya nje peke yake. Inazungusha pia ile ya moto iliyokwisha kupita kwenye mapezi. Unaweza kuziba pengo hilo kwa sponji iliyokatwa kama pete, na ingekuwa vema. Lakini kwa cha 47 pengo ni milimita tatu tu, feni inavuta moja kwa moja toka nje, na napata chuma zaidi juu ya prosesa. Tena ile namba ya wati 65 kwenye boksi la prosesa si kikomo: ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Kwa joto la Oktoba yetu, niliona mabomba mawili ni machache.

“Soma namba tena, shemeji,” nilimwambia kwenye simu akiwa dukani. “X47. Si X36, si X53.” Alisoma mara tatu, Mungu ambariki.

Kufunga kulichukua jioni nzima. Ukifungua skrubu za vishikio vya plastiki vya AM4, lile bati lililo nyuma ya ubao linabaki huru na linaweza kudondoka, basi lishike kwa mkono mwingine. Nilisafisha krimu ya zamani, ile ya kupitisha joto toka prosesa hadi kipozeo, kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya njegere, nikakaza skrubu kwa kukingama, kidogo kidogo. Nilipowasha, nikasikia krrr. Waya mmoja wa umeme ulikuwa unagusa feni. Niliufunga pembeni kwa kamba ya plastiki, krrr ikakoma.

Kelele ilibaki kidogo. Joto la prosesa hii linaruka ghafla, na feni ndogo yenye upana wa milimita 92 ikawa inapaa na kushuka kila unapofungua faili. Niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiagiza feni itulie mpaka digrii 60, kisha ipande polepole. Watoto sasa wanalala. Umeme ukikatika na tukawa kwenye betri, naiteremsha prosesa hadi wati 45. Video inachelewa kidogo, betri inadumu, na feni karibu haisikiki.

Kitambaa chembamba cha soksi ya nailoni nilichokibandika juu ya matundu nakifua kila Jumamosi hadi mvua zianze.

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, mabati ya nyumba yakiwaka jua, niliiagiza kompyuta iandae faili la mwisho la video ya ndoa ya saa mbili, mfuniko umefungwa. Joto lilifika digrii 79 likasimama hapo. Kikomo cha prosesa hii ni 95. Niliuweka mkono juu ya mfuniko, ukawa vuguvugu tu, nikaenda kupika bukari, ugali wetu.