Kingo zisizo na ndani

Jioni hii nimechora tena pembetatu ya Sierpiński daftarini. Unatoa kipande cha katikati, halafu katikati ya vile vitatu vilivyobaki, na kuendelea hivyo hivyo. Ukifika mara ya 10, eneo lililosalia halifiki asilimia 6, ilhali kingo zote ukizijumlisha zimerefuka zaidi ya mara 57. Ukirefusha upande wake maradufu hupati nakala nne bali tatu, ndiyo maana idadi ya vipimo vyake (mstari una kimoja, uso bapa viwili) ni 1.585: umepita mstari, hujafika kwenye uso bapa.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwaka 1980, huko Grenoble, mwanafizikia Klaus von Klitzing aliona ukinzani wa Hall (volti inayojitokeza kukingama mkondo ndani ya uga wa sumaku, ikigawanywa kwa mkondo huo) ukijipanga kwa ngazi, ohm 25,813 hivi zikigawanywa kwa namba kamili, wala uchafu wa silikoni haukuzitikisa. Mwaka 1982 mwanafizikia Thouless na wenzake wakaeleza: kuna namba kamili inayokokotolewa tumboni mwa mata, yaani ndani yake, nayo ndiyo inayoamuru ngazi hizo; wengine wakaonyesha kuwa ndiyo pia inayoamuru mkondo uzunguke ukingoni kwa mwelekeo mmoja. Tumbo linaamua, ukingo unatii.

Sasa pembetatu hii tumbo lake liko wapi? Kila nukta iko ukingoni. Ni nyumba yenye baraza pande zote, isiyo na chumba hata kimoja.

Na bado inafanya kazi! Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Rostock (Ujerumani) na Technion (Israeli) walichapisha jaribio lao: walichora kwa leza, ndani ya kioo, njia za mwanga zenye mzunguko wa parafujo, wakazipanga kwa umbo hilo. Mwanga ukafuata kingo bila kurudi nyuma, tena kwa kasi kuliko kwenye mpangilio wa sega la nyuki. (Hiyo kasi ndiyo sikuitegemea kabisa.) Kwa upande wa nadharia, Brzezińska, Cook na Neupert walikuwa wameshaikokotoa ile namba mwaka 2018, nukta kwa nukta, bila kuhitaji fuwele inayojirudia. Nashuku tumbo lilikuwa jukwaa la mahesabu yetu tu.

Mwanga si mata, najua, nami nilinung'unika hivyo hivyo. Lakini mwaka 2024 ikaja makala kuhusu bizimathi, aina ya metali, iliyojikusanya yenyewe kuwa pembetatu hizi juu ya nusu-kipitishi cha indiamu antimonidi, yenye hali za kitopolojia (hali za elektroni ambazo uchafu hauzivurugi kirahisi) kingoni na kwenye kona. Humo atomi huweka kikomo, huwezi kukata milele. Natamani kujua ni baada ya mikato mingapi hali hizo huanza kujitokeza.