Kalamu za mvule wa mtumbwi: wiki ya tatu

Miaka minne mashine yangu ya kukereza ilikaa chini ya turubai hapa Igoma, Mwanza. Mwezi huu nimeirudia ili nikereze kalamu: mkanda mpya, grisi, patasi zote zimenolewa. Mkono bado mzito.

Mbao nimezipata Kirumba, Mwaloni. Fundi mmoja wa mitumbwi alikuwa anabomoa mtumbwi uliooza ubavuni. "Chukua, mwanangu, hizi zilikuwa ziishie jikoni kwa mama lishe," akaniambia. Ni mvule, na pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio ya mbao maji yasipenye, bado imeng'ang'ania ukingoni. Nje ni weusi mtupu. Msumeno ulipopita, rangi ya asali ikatokea, nikabaki nimeshika kile kipande kwa muda mrefu.

Nakata vipande vya milimita 19 kila upande, natoboa tundu la milimita 7, kisha nagundisha ndani kibomba cha shaba ya njano, kitakakokaa kijiti cha wino, na kukiacha kilale mpaka asubuhi. Kipande cha kwanza kilipasuka kwenye drili. Nilisukuma moja kwa moja, unga wa mbao ukajaa tundu, moto ukapanda. Sasa naingiza kidogo, natoa, nakung'uta, narudi tena.

Misumari ndiyo kazi hasa. Kipande kimoja kilificha ncha iliyokatikia ndani, patasi ikamenyeka. Tangu hapo kila ubao napitisha sumaku kabla ya msumeno. Lakini mvule una siri nyingine ambayo sumaku haiioni: vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo mti wenyewe hujitengenezea ndani. Hivyo nimejifunza kuvisikia. Sauti ya patasi ikibadilika, nazima mashine. Vumbi lake nalo linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa haitoki usoni.

Nilianza kumalizia kwa nta ya nyuki. Inapendeza sana, ila jasho la mkono liliichubua ndani ya siku mbili. Sasa napaka supagluu nyembamba, mikono 6, na msasa laini katikati.

Zimekamilika kalamu 3. Niipendayo ina doa jeusi, pale chuma kilipokutana na mvule uliolowa maji ya ziwa. Tundu la msumari nililijaza unga wa shaba na gundi, likawa nukta ya dhahabu katikati ya weusi ule.

Vimebaki vipande 11, viwili vina matundu ya misumari. Hivyo ndivyo nitakavyoanza navyo Jumamosi, umeme ukiwepo.