Kabla ya Kuilaumu Kampuni: Jinsi Nilivyotafuta Kasi ya Intaneti Ndani ya Nyumba ya Mji wa Kale

Kwa muda wa wiki sita hivi, kila baada ya sala ya Isha, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kulikuwa na lalamiko moja lisilobadilika. Mama huketi ghorofa ya juu, kitandani kwake karibu na dirisha, akizungumza kwa video na dada yangu aliye Dubai, na mazungumzo hayo yalikuwa hayapiti dakika tatu kabla ya picha kuganda. "Mwanangu, hii intaneti yenu yalala," alikuwa akiniita kutoka juu. "Namuona mdomo wafunguka, sauti siisikii."

Kama ilivyo kwa watu wengi, nilikuwa na jibu kabla sijalitafuta: kampuni inatupunja. Tunalipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, na niliamini hatupati hata robo yake. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja mara nne, na mara zote niliambiwa nizime ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, nisubiri kidogo, kisha niiwashe. Kasi ilirudi kwa saa moja au mbili, ikafifia tena. Nilipoamua kukaa chini na kupima kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, nikiandika kila tarakimu katika daftari, ndipo nilipotambua kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa baina ya kuta zetu wenyewe, na kwamba ningeweza kupiga simu hizo mwaka mzima bila ya faida yoyote.

Nianze na kipimo, kwa kuwa hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa bila sababu. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 akiona faili linashuka kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, basi anapata haki yake kamili. Shemeji yangu alikuwa amekasirika miezi miwili kwa ajili ya hesabu hii tu.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alishike: waifai si intaneti. Intaneti ni njia inayotoka kwenye ruta kwenda nje, na waifai ni njia inayotoka kwenye ruta hadi simu yako. Njia hizi mbili huharibika kwa sababu tofauti na hutengenezwa na watu tofauti. Ukisimama chumbani na simu mkononi, ukafungua programu ya kupima kasi kama Speedtest na kuona megabiti tatu, hujajua lolote bado, kwa kuwa umepima njia zote mbili kwa pamoja. Ili kuzitenganisha, chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, hakikisha hakuna mtu mwingine anayetumia, kisha upime. Matokeo ya hapo ndiyo unayoweza kumpelekea fundi wa kampuni.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilipata megabiti saba. Nilifurahi kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi, na nilikuwa nimeshaishika simu nipige, ila niliona jambo lililonizuia: katika mipangilio yake, kompyuta ilisema imeunganishwa na ruta kwa megabiti 10, wakati ruta yetu na kompyuta yenyewe zote zina uwezo wa megabiti 1,000. Nikauchomoa waya na kuupeleka mwangani. Kichwa chake cha plastiki kina vijino vinane vya shaba vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na katika vile vinane, vitatu vilikuwa vimeota kutu ya kijani, ile ile inayoota kwenye makomeo ya shaba ya milango yetu yasiposuguliwa. Waya huo ulikuwa umelala chini ya dirisha mwaka wa tatu sasa, ukipokea upepo wa chumvi mchana na usiku. Ili kufikia kasi ya megabiti 1,000, nyuzi zote nane lazima ziwe nzima. Zikipungua au zikishika vibaya, vifaa hivi viwili hukubaliana kimyakimya kwenda kwa mwendo mdogo, wala hakuna taa inayowaka kukuonya. Nilinunua waya mpya, nikapima tena, nikapata 19. Kwa hiyo kipimo changu ndicho kilichokuwa kibovu, na nilikuwa karibu kumdhulumu mtu kwa kutumia mizani mbovu. Kwa sisi tunaoishi pwani, ningeshauri kila anayetaka kupima aanze kwa kuangalia vichwa vya nyaya zake.

Kuna wakati tatizo huwa kweli liko mbali na nyumba, na sisi wa Mombasa twaweza kulielewa kuliko wengine kwa kuwa kebo zenyewe zinazoleta intaneti hutoka baharini hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na LION2 mwaka 2012. Mwezi wa Februari mwaka huo wa 2012 meli moja iliteremsha nanga karibu na bandari yetu ikaikata TEAMS, na mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tukio la aina hiyo huwa na dalili zake: jirani mwenye kampuni nyingine huathirika pia, data ya simu huathirika, na redio hutangaza. Intaneti inapokuwa nzuri sebuleni na mbaya chumbani kwa mama, basi bahari haihusiki.

Sasa nije kwenye kuta. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta nilioupima kwenye dirisha la ngazi ulikuwa na unene wa karibu nusu mita. Walioishi katika nyumba hizi wanajua pia kwamba vyumba ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Sijawahi kufikiri kwamba boriti zingekuja kuamua habari za intaneti, lakini ndivyo ilivyo: vyumba vikiwa vyembamba, mawimbi hukutana na ukuta mwingine kila baada ya hatua chache, na kila ukuta hutoza ushuru wake. Mtu anayeishi katika nyumba ya kisasa ya matofali kule Nyali anaweza kuweka ruta popote akaridhika. Kwetu mahali pa ruta ndiyo nusu ya kazi yote.

Kampuni ilipoleta faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, fundi aliifunga ruta nyuma ya mlango mkubwa wa chini, karibu na mita ya umeme, kwa sababu hapo ndipo waya ulipoingilia. Ili kujua hasara ilikuwa kiasi gani, nilitumia amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Niliielekeza kwa ruta yenyewe, ambayo kwetu anwani yake ni 192.168.1.1, ili nipime waifai peke yake bila kuihusisha kampuni. Nikiwa nimesimama mbele ya ruta, jibu lilirudi kwa milisekunde mbili au tatu. Sebuleni, zikawa kumi. Kitandani kwa mama zilipanda hadi 90, kisha 240, kisha jibu la tatu halikurudi kabisa. Ujumbe uliopotea hapo ulikuwa bado haujafika hata mlangoni mwetu, seuze Dubai.

Nilinunua faiba ndefu zaidi kwa msaada wa fundi, tukaihamishia ruta kwenye kizingiti cha ngazi ghorofa ya kwanza, mahali palipo wazi juu na chini. Ngazi ni kama bomba katikati ya nyumba, na mawimbi hupita humo bila ya kulazimika kutoboa mawe. Uzi wa faiba ni wa kioo, na ukiukunja kwa pembe kali mwanga huvuja pale kwenye kunjo, kwa hiyo tuliupitisha kwa kuuzungusha taratibu kwenye kila kona. Hatukuuminya popote kwa misumari. Baada ya kuhama huko, ping ya chumbani kwa mama ilishuka hadi milisekunde sita.

Ilibaki habari ya chaneli, yaani vile vijinjia ambavyo mawimbi ya waifai hugawanywa. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahazi 2.4, ambayo hupenya ukuta vizuri zaidi lakini yana msongamano, na ya gigahazi 5, ambayo yana kasi kubwa lakini hukata tamaa mapema mbele ya mawe. Katika yale ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Programu ya kuchunguza waifai iliyo kwenye simu yangu iliniorodheshea ruta 17 za majirani, kwa kuwa madirisha yetu yanatazamana kwenye vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kuinamisha mabega, na 11 kati yake zilikuwa chaneli 6, pamoja na yetu. Hapo nikaelewa kwa nini kuzima na kuwasha kulikuwa kukisaidia kwa muda: ruta ikiwaka upya huchagua chaneli, na bahati ikiwapo huchagua iliyo tulivu. Niliifunga kwenye chaneli 1, nikapunguza upana wake kutoka megahazi 40 hadi 20 ili isiingiliane sana na za majirani, na simu zilizo karibu na ngazi nikazihamishia kwenye gigahazi 5.

Mchana ule kila kitu kilikuwa shwari. Usiku, baada ya Isha, mama akaniita tena.

Nilikiri moyoni kwamba nilivunjika. Nilirudi kwenye waya, nikapima, na safari hii hata kwa waya mambo yalikuwa mabaya: ping ya nje, niliyoielekeza kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba, ilikuwa imepanda hadi milisekunde 600 na zaidi, ilhali ile ya ruta ilikuwa bado moja. Nikafungua orodha ya vifaa ndani ya ruta. Kamera tuliyoiweka mlangoni ilikuwa ikipakia video zake mawinguni saa zote, na simu ya mpwa wangu, ambaye hurudi kazini saa mbili usiku, ilikuwa ikipakia picha na video zake zote kila inapoiona waifai. Kwa pamoja vifaa hivyo viwili vilikuwa vimeijaza njia ya kwenda nje.

Watu wengi hudhani kwamba kupakia hakuhusiani na kupakua, nami nilidhani hivyo. Fikiria kivuko cha Likoni magari yanapojaa hadi juu barabarani. Ruta inapopewa vitu vingi kuliko inavyoweza kuvivusha, haivikatai. Huvipanga foleni, na foleni hiyo inaweza kuwa ndefu mno. Simu ya mama inapopokea video hulazimika kutuma risiti ndogo ndogo kusema "nimepokea", na sauti na picha yake mwenyewe hupitia njia hiyo hiyo. Vyote hivyo ni pikipiki zilizosimama nyuma ya malori ya mpwa wangu. Zingechukua nafasi ndogo kabisa kwenye feri, lakini zinangoja zamu.

Dawa yake ilikuwa katika mipangilio ya ruta, sehemu ya kugawa kasi. Niliweka kikomo cha kupakia kwa nyumba nzima kuwa megabiti 17, chini kidogo ya kile tunachopewa, ili foleni isijengeke upande wa kampuni ambako sina mamlaka nako, kisha nikayapa mazungumzo ya video kipaumbele. Kamera niliipunguzia ubora wa picha. Mpwa wangu nilimwomba aweke simu yake ipakie saa nane za usiku, naye akakubali bila neno. Ping ya nje ilishuka hadi milisekunde 20 na kukaa hapo hapo hata vitu vyote vikitumika.

Nilibadilisha pia mambo madogo ambayo hayakuwa chanzo. Usalama wa waifai ulikuwa umewekwa kwenye mfumo wa kizamani wa TKIP, unaozuia vifaa kuvuka megabiti 54, nikauweka kwenye mfumo mpya zaidi wa WPA2 yenye AES, na nywila nikaibadilisha kwa kuwa nusu ya mtaa walikuwa nayo. Kubadilisha DNS, yaani huduma inayotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake, ambako watu husifu sana mitandaoni, hufanya kurasa zianze kufunguka mapema kidogo, lakini hakuongezi kasi ya kupakua hata megabiti moja, na ningemshauri mtu asianzie huko.

Jikoni bado ni pabaya. Kuna kuta mbili nene, friji na tangi la maji baina yake na ngazi, na huko nitalazimika kupitisha waya hadi kwenye kituo cha pili cha waifai. Tundu la kupitishia tayari lipo juu ya mlango wa ua, ambapo zamani ulipita waya wa antena ya televisheni. Fundi amesema atakuja Jumamosi, nami nimemwomba waya ule auvishe vichwa vyenye kifuniko cha mpira, kwa sababu ua wetu umeelekea baharini.